Matairi ya misimu yote kwenye theluji: gari litaondoka, lakini litasimama?

Mkuu, umeuliza kama matairi ya misimu yote yaliyokuja na gari lako la kuvuta mbele yatatosha majira ya theluji, au ununue seti ya baridi. Kabla hujafungua pochi, chuchumaa usome ubavu wa tairi.

Ukikuta M+S peke yake, usiitegemee sana. Herufi hizo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba mifereji ya tairi ina uwazi wa kutosha kwa matope na theluji. Tairi halikulazimika kupimwa kwenye theluji ili kuzipata. Mchoro wa kutafuta ni mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake. Ulianzishwa Marekani Kaskazini mwaka 1999, na tairi huupata baada ya kushindanishwa na tairi la kulinganishia kwenye theluji iliyoshindiliwa. Hata huo una mipaka: kipimo cha Marekani kinaangalia tairi linavyosukuma gari mbele tu. Breki hazimo, kona hazimo, na barafu haimo kabisa.

Hapa ndipo watu wanapobishana bila kuelewana. Tairi linalouzwa Ulaya kwa jina la misimu yote mara nyingi lina mchoro wa mlima. La Marekani lenye jina hilohilo mara nyingi lina M+S tu, na yale yenye mlima huuzwa kwa jina lingine, la hali zote za hewa. Kwa hiyo mmoja akisema yanafaa na mwingine akisema ni balaa, huenda wote wanasema kweli. Sheria nazo zimeacha kuamini herufi: Ujerumani, tangu Oktoba 1, 2024, M+S bila mlima haihesabiwi kuwa tairi la baridi. Jimbo la Quebec nchini Kanada linataka matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15.

Sasa kwa nini la misimu yote huzidiwa. Mpira wake umechanganywa uvumilie pia lami ya moto, hivyo joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi huanza kukakamaa. Nyuzi 7 si ukuta, ugumu huja polepole, ila kwenye -15 tofauti unaihisi hata kwa ukucha: kashata za tairi la baridi, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado zinabonyea, za misimu yote zinakuwa ngumu kama soli ya kiatu cha zamani. Mpira mgumu haushiki vijinundu vya barabara.

Sababu ya pili ni chale. Tazama kashata moja kwa karibu: juu yake kuna mikato myembamba, upana wa karatasi chache. Tairi likikanyaga, mikato hiyo hufunguka, kingo zake hung'ata theluji na kubaki na chembechembe ndani. Chembe hizo zina kazi, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Tairi la baridi lina chale nyingi, zenye mawimbi, zinazoshuka chini sana. Kwenye mengi ya misimu yote ni chache na fupi, na tairi likifika nusu ya maisha baadhi zimeshafutika. Ndiyo maana matairi yaleyale yaliyokwenda vizuri mwaka wa kwanza huteleza mwaka wa tatu, na mwenye gari analaumu theluji.

Kina cha mifereji basi. Tairi jipya la gari dogo lina milimita 8 hivi. Sheria nyingi zinaruhusu hadi 1.6, lakini kiwango hicho hakikuwekwa kwa ajili ya theluji. Chini ya milimita 4 mimi silihesabu tena kuwa tairi la theluji, hata liwe na mlima. Austria inatumia 4 hiyohiyo kwa matairi ya baridi. Pima kwa kijiti cha kupimia, katikati na pembeni kote, matairi yote 4, kisha fuata kipimo kidogo kuliko vyote. Halafu soma tarehe: tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi, mfano 3521, ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupima tairi kwa kuangalia kama gari limeondoka. Gari la fowili linaondoka hata kwa matairi mabovu, kwa sababu injini inasukuma magurudumu 4. Wakati wa breki, kila gari linasimamia magurudumu 4, fowili isikudanganye. Fanya hesabu: ukiwa kilomita 50 kwa saa, mshiko wa 0.8 (namba ya msuguano kati ya tairi na barabara, ikiwa ndogo ni utelezi) kwenye lami kavu unakusimamisha kwa mita 12 hivi. Theluji iliyoshindiliwa ikikupa 0.3 ni mita 33. Ikikupa 0.2 ni mita 49. Pale mwenye 0.3 aliposimama, mwenye 0.2 bado anapita kwa karibu kilomita 29 kwa saa. Mshiko halisi hubadilika na theluji yenyewe, lakini tofauti kati ya tairi zuri na bovu inaweza kabisa kuwa ya namna hiyo.

Barafu ni shauri jingine. Mbaya zaidi ni ile ya karibu na nyuzi 0, yenye utando wa maji juu. Ya -20 ina mshiko kidogo zaidi. Tairi la misimu yote, lenye mlima au lisilo nao, hapo halina ujanja wa maana. Kama njia yako ina vilima vinavyoganda usiku, nunua ya baridi, tusizunguke.

Na ukinunua, nunua 4. Kuweka mawili mazuri mbele kwa sababu gari linavuta mbele ni mtego: mbele itashika, nyuma itateleza, na ukigusa breki kwenye kona mkia unakupita. Yakitofautiana kidogo kwa kuchakaa, mazuri yakae nyuma. Angalia pia mshale wa mzunguko ubavuni. Tairi la mshale likifungwa kinyume, mifereji inafanya kazi vibaya.

Upepo hupungua psi 1 hivi (kipimo cha upepo wa tairi) kila joto likishuka nyuzi 5 hadi 6. Ukijaza 33 gereji yenye nyuzi 20, nje kwenye -10 utakuta 28 au chini kidogo, na taa ya dashibodi inawaka asubuhi. Jaza tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko kilicho mlangoni. Mazoea ya kupunguza upepo kama kwenye mchanga yaache, kwenye barabara ya theluji ngumu hayakusaidii.

Ukitaka kujua matairi uliyonayo yana nini, tafuta uwanja mtupu wenye theluji, nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu uache ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, itetemeke, kisha pima kwa hatua. Mita 12 ni vizuri. Ikifika 18, endesha kwa kuhesabu hivyo. Shuka uangalie na mifereji: ikiwa imezibwa na theluji iliyolainika na kung'aa, tairi halijisafishi, unatembelea duara jeupe.

Kwa hiyo kwako: kama theluji huanguka siku chache na barabara husafishwa mapema, yenye mlima na kina cha milimita 5 kwenda juu yanatosha. M+S peke yake ni ya siku unazoweza kuahirisha safari. Minyororo ya dharura ifungwe magurudumu yanayovutwa na injini, kwako ni ya mbele. Soma kwanza kitabu cha gari kama nafasi inaruhusu, kaza tena baada ya mita mia chache, na usizidi kilomita 50 kwa saa.