Gofu ya mastaa: itazame pale staa anapoogopa

Mara ya kwanza kutazama gofu ya mastaa nilizima runinga kabla haijafika nusu. Nilikuwa nimekaa tayari kuona gofu. Nilichoona ni mwigizaji mmoja akisimulia kichekesho, kisha matangazo, kisha mwigizaji yuleyule akipiga mpira ukagonga mti, na watangazaji wakicheka kana kwamba wanalipwa kwa kila kicheko. Mchezaji wa kulipwa aliyekuwa akiongoza tulionyeshwa mikwaju yake miwili kwa saa nzima. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu wa gofu, akaniambia, "Shemeji, umeingilia dirishani. Haya hayatazamwi hivyo." Nilimbishia. Imenichukua miaka kukubali kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli.

Nusu nyingine siikubali hadi leo, maana yeye hutazama kila kitu. Mimi nasema yapo ya kutazama na yapo ya kuacha yapite, na kipimo changu ni kimoja tu: je, staa ana kitu cha kupoteza? Kama hana, unachotazama ni tangazo refu lenye nyasi. Kama anacho, kaa chini.

Kwa asiyeyajua, mashindano haya ambayo wenyewe huyaita pro-am humpanga mchezaji wa kulipwa pamoja na wa ridhaa, na wa ridhaa huyo mara nyingi ni mwigizaji, mwanamuziki, mwanasoka au tajiri ambaye humjui. Mchezaji wa kulipwa anahesabiwa mikwaju yake kama kawaida. Pembeni kuna mashindano ya timu, ambapo kwenye kila shimo huchukuliwa matokeo ya aliyefanya vizuri zaidi kati ya wenza. Ili wa ridhaa asiwe pambo tu, anapewa handikapu, yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa kulingana na uwezo wake. Mwenye handikapu ya 18 anapunguziwa mkwaju mmoja kila shimo. Kwa hiyo staa anayemaliza shimo kwa mikwaju mitano anaweza kuandikiwa minne na kuibeba timu. Usipolijua hilo utaona watu wanashangilia upuuzi.

Na ukilijua, utaelewa pia kwa nini watu hunong'onezana. Mwenye kutangaza handikapu kubwa kuliko hali yake halisi anajipa mikwaju ya bure. Mwaka 1995 timu iliyoshinda taji la wenza pale Pebble Beach, uwanja wa gofu huko California, ilinyang'anywa ushindi baadaye, ilipobainika kwamba handikapu ya mchezaji wake wa ridhaa haikuwa ya kweli. Huwa nalikumbuka hilo kila nikiona tajiri wa handikapu ya 20 anapiga mpira kama aliyezaliwa nao.

Pebble Beach ndiyo mama wa haya yote. Mwimbaji Bing Crosby aliyaanzisha mwaka 1937 huko Rancho Santa Fe, California, kwa kuwakutanisha marafiki zake na wachezaji wa kulipwa. Mvua ikanyesha hadi yakachezwa mashimo 18 tu, Sam Snead akashinda na kuondoka na dola 500. Mwaka 1947 yakahamia rasi ya Monterey, kando ya bahari, uliko uwanja wa Pebble Beach, na huko yapo hadi sasa.

Huko ndiko nilikojifunza kipimo changu, kupitia mtu ambaye nilimfuatilia kwenye picha za zamani: Jack Lemmon. Mwigizaji mwenye tuzo mbili za Oscar, mtu ambaye kamera ilikuwa kazi yake ya kila siku. Alishiriki Pebble Beach kwa miongo, na ndoto yake ilikuwa ndogo mno: timu yake ivuke mchujo acheze Jumapili. Hakuwahi kuvuka. Kila mwaka alirudi, kila mwaka Jumapili ilimkuta nje ya kamba. Mtazame usoni akiwa mchangani, mpira umezama, anaupiga unarudi palepale miguuni. Haigizi. Hapo ndipo niliposogeza kiti karibu na runinga kwa mara ya kwanza.

Bill Murray, mwigizaji wa vichekesho, ni kinyume chake, na nakiri kwa miaka mingi alinichosha. Vituko vingi, kofia za ajabu, mazungumzo na watazamaji. Lakini mwaka 2011 alishinda taji la wenza pamoja na mchezaji wa kulipwa D.A. Points, na Points huyohuyo akashinda mashindano yenyewe ya wachezaji wa kulipwa. Watu husema staa mwenye vituko humharibia mwenzake umakini. Mwaka ule jibu lilikuwa ubaoni.

Sasa sikiliza, maana hapa wengi hupoteza muda. Pebble Beach ya leo si ile. Tangu 2024 wachezaji wa kulipwa wamepunguzwa hadi 80, zawadi ikapanda hadi dola milioni 20, na wa ridhaa wanacheza siku mbili za kwanza tu. Wikiendi ni wachezaji wa kulipwa peke yao. Ukifungua Jumapili kumtafuta staa wako utaambulia mawimbi. Kama unawataka mastaa, fungua Alhamisi na Ijumaa. Kama unataka gofu safi, fungua wikiendi, na kwa kweli ni nzuri kuliko zamani. Waliolalamikia mabadiliko hayo siwaelewi sana.

Scotland kuna Alfred Dunhill Links, yanayochezwa kwenye viwanja vitatu: St Andrews, Carnoustie na Kingsbarns. Mwaka 2012 muogeleaji Michael Phelps alisukuma mpira pale Kingsbarns kutoka karibu mita 50 ukaingia shimoni. Tafuta kipande hicho, kinatosha. Siku tatu za kwanza ni ndefu, upepo mwingi, foleni kwenye kila shimo. Mimi husubiri siku ya mwisho.

Lakini ukiniuliza nitazame lipi moja tu kwa mwaka, nitakutajia lisilo na mchezaji wa gofu wa kulipwa kama mwenza wa staa: American Century Championship, linalochezwa Julai kando ya Ziwa Tahoe, Nevada, tangu 1990. Pale staa anacheza na staa mwenzake, mashimo 54, kwa pointi. Ukitimiza mikwaju iliyopangiwa shimo unapata 1. Ukipunguza mmoja unapata 3, ukipunguza miwili 6. Ukizidisha mmoja hupati kitu, ukizidisha miwili au zaidi unakatwa 2. Shimo kwa mkwaju mmoja ni 8. Hesabu hiyo inamlipa mwenye kuthubutu, ndiyo maana msimamo unaweza kupinduka kwenye shimo la mwisho.

Mwaka 2023 ulipinduka mbele ya macho yangu. Jumamosi Stephen Curry, nyota wa mpira wa kikapu, alipiga shimo la saba kwa mkwaju mmoja, akatimua mbio kwenye nyasi kama mtoto aliyefunguliwa shule. Jumapili akafika shimo la 18 akiwa na nafasi ya kupunguza mikwaju miwili. Huyu ni mtu anayerusha mpira wa kikapu kutoka mbali sekunde za mwisho huku amegeuka kutazama jukwaa. Safari hii hakugeuka kutazama chochote. Akasukuma, mpira ukaingia, pointi 6. Alimaliza na 75. Mardy Fish, aliyekuwa mchezaji tenisi, 73. Toa sita zile, weka tatu ambazo angepata kwa kusukuma mara mbili, kisha uone angesimama wapi.

Palepale Tahoe utamwona Charles Barkley, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, ambaye kwa miaka fimbo yake ilikuwa ikikwama angani katikati ya mkwaju kama imenasa kwenye waya. Watu humcheka. Mimi nilicheka hadi siku nilipojirekodi kwa simu nikicheza. Sijacheka tena.

Kuna aina nyingine ambayo haionyeshwi sana, nayo ndiyo ninayoishauri kwa mwenye uwezo wa kufika uwanjani: ile inayochezwa Jumatano, siku moja kabla ya mashindano makubwa kuanza. Kwenye runinga haina maana. Ukiwa pale ni jambo jingine.

Nilikwenda mara moja. Nilisimama hatua chache kutoka kwenye griini, yaani zile nyasi fupi zenye shimo, hakuna msongamano. Mwanamuziki mmoja, ambaye nimewahi kumwona akiimba mbele ya uwanja uliojaa pomoni, alikuwa amebakiza kama mita moja. Watazamaji tulikuwa hatufiki ishirini. Alifuta viganja kwenye suruali. Akasimama juu ya mpira, akaondoka, akafuta tena. Nilihesabu mara nne. Alipousukuma haukufika hata nusu ya njia. Akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Wakati huohuo mchezaji wa kulipwa wa kundi lile alikuwa upande wa pili, hana habari. Ametupa mipira mitatu pembeni kabisa mwa griini, mahali ambapo hapakuwa na shimo, anaisukuma kuelekea patupu. Kedi wake, yaani mbeba fimbo, anaandika kwenye kijitabu. Ilinichukua muda kuelewa: shimo huhamishwa kila siku, naye alikuwa anapima mahali ambapo huenda likawekwa Jumapili. Yule anatetemeka kwa mchezo usio na kombe, huyu anafanya kazi ya siku nne zijazo. Ukikaa nyumbani hilo hulioni, maana kamera inamfuata mwenye jina.

Tahadhari moja kwa atakayekwenda. Usisimame mbele ya wa ridhaa, hata kama watu wote wamesimama. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya mchekeshaji Bob Hope huko California, Bill Clinton, George H.W. Bush na Gerald Ford walicheza kundi moja na Hope mwenyewe. Bush alipiga mikwaju 92, na mipira yake ikawapata watazamaji. Ford naye akampata mmoja. Hawa walikuwa marais. Sasa fikiria mwigizaji wa tamthilia. Simama nyuma yake, au kando ya griini kama nilivyofanya mimi, macho yakiwa kwenye mpira na si kwenye simu.

Na kwa wa nyumbani: punguza sauti. Sitanii. Watangazaji wa gofu ya mastaa wana kazi ya kukufanya ufurahi, na kazi hiyo inawashinda. Bila sauti unaona mikono, unaona miguu ikihangaika, unaona mtu maarufu akimeza mate.

Shemeji bado anatazama yote, kuanzia shimo la kwanza, na matangazo yake na vichekesho vyake. Tumeshakubaliana. Yakibaki mashimo manne na pointi zikiwa zimekaribiana, ananipigia simu.