Jibu: Ngozi ya makochi iliyokakamaa stoo

Mkuu, umeuliza kama ngozi ya makochi uliyoikunja stoo miaka minne inaweza kulainika tena au ni ya kutupa. Usiitupe kwanza. Kata kipande cha pembeni ukikunje kwa nguvu. Kikipasuka kama karatasi kavu au kikitoa vumbi la rangi ya kutu, nyuzi zake zimekufa, hakuna mafuta yatakayozifufua. Kikiwa kigumu tu, bado kuna matumaini.

Tafuta mafuta ya kulainishia ngozi yanayotokana na miguu ya ng'ombe (neatsfoot oil). Ya kupikia hapana, nakuomba: yanachacha, yananata na kochi litanuka.

Wengi hukosea kwa kupaka upande wa juu. Ngozi nyingi za makochi zimepigwa rangi inayoziba vinyweleo. Dondosha tone la maji uone, litakaa juu kama kwenye jani la magimbi. Basi geuza, paka upande wa ndani wenye nyuzinyuzi, kidogo kidogo kwa kitambaa, mafuta yakiwa yamepata joto la jua. Iache mpaka kesho yake. Kisha ivute juu ya ukingo wa meza, mbele na nyuma, kila sehemu. Kazi yenyewe iko hapo. Utaisikia ikilegea mikononi. Ikibaki ngumu, rudia, ila usiiloweshe, mafuta yakizidi yatatokea juu na kuchafua nguo.

Ngozi itakayobaki bila kutumika iviringishe kwenye bomba, usiikunje tena. Na usiifunge kwenye nailoni, itaota ukungu.