Kampuni imenunuliwa, wafanyakazi wanaingia Jumatatu: anzia kwenye kivinjari

Wakubwa wamesaini, kampuni ndogo imenunuliwa, na Jumatatu asubuhi watu mia kadhaa ambao hujawahi kuwaona wanatakiwa wafungue barua pepe yenu, mfumo wa mishahara na mfumo wa wateja. Mashine zao zinasimamiwa na mafundi wengine kwa kanuni nyingine. Kama ndiyo kwanza umeingia kitengo cha TEHAMA, mzigo huu unaweza kukuangukia mapema kuliko unavyodhani.

Wazo linalomjia kila mtu ni kuunganisha mitandao miwili, au kuwagawia wote VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa mbali. Usikimbilie huko. Karibu kila kampuni hutumia mafungu yaleyale ya anwani za ndani, 10.0.0.0/8 na 192.168.0.0/16, hivyo seva yao na printa yenu zinaweza kuwa na namba moja, na kuzitenganisha ni kazi ya miezi. Tena ukiunganisha mtandao unamkaribisha na aliyejificha humo. Kampuni ya hoteli ya Marriott ilinunua nyingine ya hoteli, Starwood, mwaka 2016. Wadukuzi walikuwa ndani ya mifumo ya Starwood tangu 2014, wakagunduliwa 2018. Mwaka 2020 mdhibiti wa data wa Uingereza aliitoza Marriott faini ya pauni milioni 18.4.

Kivinjari salama cha kampuni kinapita njia nyingine. Kwa sura kinafanana na Chrome, maana vingi vimejengwa juu ya Chromium, msimbo huria ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake, ila sera zake zinatoka kwenu: nani aingie, mashine iwe na hali gani, faili lipakuliwe au lisipakuliwe. Island ni kimojawapo. Kingine ni cha Palo Alto Networks, walioinunua Talon mwaka 2023. Edge na Chrome nazo zina matoleo ya kampuni. Mfanyakazi anabaki na mashine yake. Mtandao wenu haoni, anaona programu alizoruhusiwa, basi.

Usiwashe chochote kabla ununuzi haujakamilika kisheria. Hadi siku hiyo hizo ni kampuni mbili, na kufunguliana data za biashara mapema kunaweza kuwa kosa. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni ya mawasiliano ya Altice faini ya euro milioni 124.5 kwa kuanza kuiendesha PT Portugal, kampuni ya simu iliyokuwa ikiinunua, kabla ya idhini, na kupeana taarifa nyeti za biashara kulikuwa sehemu ya kosa hilo (baadaye mahakama iliipunguza kidogo). Unachoweza kufanya mapema ni kutayarisha sera upande wenu, na kuomba orodha ya programu wanazotumia baada ya wanasheria kuipitisha.

Orodha hiyo ifanye kwa makini. Kwa kila programu andika kama inafunguka kwenye kivinjari, na kama mtu anaingia kwa SAML au OIDC (njia mbili za kuingia kupitia mfumo wa utambulisho wa kampuni, ule unaothibitisha nani ni nani), au kwa nywila ya programu yenyewe. Za aina hii ya mwisho ndizo zitakazokusumbua, kwa sababu mfumo wenu wa utambulisho hauna sauti juu yake. Za kusakinishwa hazipiti kabisa. Baadhi ya vivinjari hivi hufungua RDP na SSH (njia za kuendesha kompyuta nyingine kwa mbali) ndani ya kichupo, lakini mhasibu mwenye faili la Excel lililojaa makro (amri zinazojiendesha zenyewe) atakwama, kwa hiyo mwachie kwa muda kompyuta pepe, ile inayoendeshwa kwenye seva.

Kazi nzito hasa iko kwenye akaunti. Unaweza kuwaalika kama wageni kwa akaunti zao za zamani, au kuwafungulia mpya. Kualika ni haraka, ila akaunti inabaki mikononi mwa mfumo ambao hujaukagua. Kwa barua pepe na mishahara ni afadhali akaunti mpya. Kagua majina yanayogongana kabla ya kuzitengeneza: wawili wenye jina moja wakichanganywa, hati ya mshahara ya mmoja itamfikia mwingine. Halafu kuna fumbo la yai na kuku: mtu hawezi kusajili uthibitishaji wa hatua mbili bila kuingia, na haruhusiwi kuingia bila kuusajili. Kwenye Entra, mfumo wa utambulisho wa Microsoft, suluhisho ni pasi ya muda, ambayo hudumu kuanzia dakika 10 hadi siku 30, na usipobadilisha ni saa 1. Wengi huiacha kwenye saa 1, wanatuma pasi Ijumaa jioni, na Jumatatu zote zimekufa. Toa pasi asubuhi ileile, na mpokeaji athibitishwe na msimamizi wake ana kwa ana au kwa video.

Kisha funga mlango, programu zikubali kivinjari hicho peke yake. Usifanye hivyo kwa kutazama jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo. Jina hilo yeyote hulibadilisha kwa sekunde chache. Tumia cheti cha kidijitali au ishara ya kifaa inayosomwa na mfumo wa utambulisho, au walau anwani ya IP maalumu ambayo kivinjari hutokea.

Usakinishaji unaonekana mwepesi, hasa kwa sababu kwenye Windows vivinjari vya Chromium vinaweza kusakinishwa kwenye folda ya mtumiaji bila haki za msimamizi. Lakini kampuni iliyonunuliwa ikiwa imewasha AppLocker, kidhibiti cha Windows cha programu zipi zifunguke, programu inayofunguka kutoka kwenye folda hiyo huzuiwa, mara nyingi kwa ujumbe ambao mtumiaji hauelewi. Waombe mafundi wao waruhusu saini ya mtengenezaji, sio jina la faili. Proksi yao (seva inayopitisha mawasiliano ya intaneti) ikiwa inafungua na kukagua mawasiliano yaliyosimbwa, kivinjari kinaweza kukataa cheti chake, na dalili yake ni kwamba kinafunguka ila hakipokei sera. Anwani za mtengenezaji ziingizwe kwenye orodha isiyokaguliwa.

Malalamiko ya siku ya kwanza utayatambua kwa msimbo wa kosa wa Entra, AADSTS50020. Mtu amebofya kiungo, kivinjari kimemwingiza kimyakimya kwa akaunti yake ya kampuni ya zamani, na mfumo wenu unasema akaunti hiyo haipo kwenu. Hajakosea nywila, kwa hiyo usimbadilishie nywila. Mtoe kwenye akaunti zote, mfungulie wasifu mpya ndani ya kivinjari, aingie kwa akaunti mpya. Lingine ni kiungo cha barua pepe kufunguka kwenye kivinjari cha zamani na kukataliwa. Kwenye ukurasa wa kukataliwa weka maneno ya kueleweka, kama «Fungua kiungo hiki kwenye kivinjari cha kampuni», na jinsi ya kukipata.

Sera za data zianze kwa kurekodi bila kuzuia, wiki 2 hivi. Ukizuia kunakili tangu siku ya kwanza, watu watapiga picha skrini kwa simu, na hapo hutaona chochote. Ruhusu kunakili kati ya programu za kampuni, zuia kwenda nje. Uzuiaji wa picha za skrini ujaribu pamoja na mikutano ya video, maana anayeshiriki skrini anaweza kuonyesha wenzake dirisha jeusi. Kikundi cha majaribio kiwe cha watu 15 hadi 20, na usichague mafundi watupu. Awemo mhasibu, muuzaji anayesafiri, mtumiaji wa Mac, na anayetumia kisoma skrini.

Tangazo litoke kwa bosi wanayemjua, kwenye anwani waliyoizoea, na kiungo cha kupakulia kikae kwenye tovuti yao ya ndani. Habari za ununuzi zikitoka magazetini, matapeli nao huandaa barua zao za «sakinisha programu mpya». Waambie pia mnaona nini. Kivinjari hiki kinaweza kurekodi kila ukurasa. Kurasa za benki na afya ziondolewe kwenye kumbukumbu, na iandikwe hivyo. Ujerumani baraza la wafanyakazi lina haki ya kushirikishwa kabla ya kifaa kama hiki kuwashwa, na kulisahau kunasimamisha mradi mzima.

Kwa mtengenezaji uliza swali moja la kumkaba: Chrome ikiziba tundu la dharura leo, ninyi mnalifikisha baada ya saa ngapi? Chrome ilipunguza mzunguko wa matoleo makubwa kutoka wiki 6 hadi 4 mwaka 2021, na kivinjari kinachochelewa nyuma yake kinakuwa mlango wazi wenye jina la usalama.

Mwisho pima kutoka, kama ulivyopima kuingia. Tengeneza akaunti ya majaribio, fungua mfumo wa wateja, kisha ifute ukiwa na saa mkononi. Tokeni ya kuingilia, yaani alama ya kielektroniki inayoonyesha mtu ameshaingia, huweza kudumu saa 1 au zaidi baada ya akaunti kufutwa, na kichupo kikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiwa hivyo, kufuta akaunti peke yake hakutoshi: kwenye utaratibu wa anayeachishwa kazi ongeza hatua ya kufunga vikao vyote na kuondoa wasifu kwenye kivinjari, ifanyike kabla hajaitwa ofisini.