Uzi ukikatika kwenye fremu, soma kwanza ncha yake

Dada, pole na kazi. Kwa ulivyoeleza, umenunua mashine ya mkono mrefu ya kushonea mifarishi, ya mtumba, pamoja na fremu yake, umetandika mfarishi wako wa kwanza wa leso, na uzi wa juu unakukatikia kila baada ya shibiri mbili tatu. Umekaza tensheni, yaani mkazo wa uzi, umelegeza, umebadilisha uzi mara mbili, hali ni ile ile. Halafu mwishoni kabisa ukadokeza kwamba ukiisukuma mashine kwenda kulia inashona vizuri, ila ukirudi kushoto ndipo uzi unapokatika. Hayo maneno ya mwisho yana thamani kuliko yote uliyoandika, nami naanzia hapo.

Nashona mifarishi hapa Majengo, Mombasa, miaka 11 sasa, na 6 ya mwisho ni kwa fremu. Shida yako naijua.

Kwenye cherehani ya kawaida, kitambaa ndicho kinachotembea, na meno ya chini hukisogeza wakati sindano iko nje. Sindano ikiingia, kitambaa kimetulia. Kwenye fremu mambo yamegeuka: kitambaa kimefungwa kwenye rola, mashine ndiyo inayotembea, na haisubiri sindano itoke. Mkono wako unaisukuma hata sindano ikiwa imezama ndani ya pamba. Kwa hiyo kila mshono sindano hupindwa kidogo, ncha yake ikibaki nyuma ya mwendo wako. Sasa, sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi ulio nyuma yake hufanya kitanzi kidogo, na ncha ya huki, ile ndoano inayozunguka chini ya sindano, hupita hapo kukidaka. Sindano ikiwa imepinda, kitanzi hakipo pale huki inapopita. Huki ikikikosa, mshono unaruka. Ikiuchoma uzi wenyewe katikati, uzi unachanika, na mishono miwili mitatu baadaye umekatika. Na kwa kuwa huki huja kutoka upande mmoja tu, kuna mwendo unaoumia kuliko mwingine. Ndiyo maana kulia kwako ni kuzuri na kushoto ni kubaya. Tensheni haijui kulia wala kushoto. Lau ndiyo yenye kosa, uzi ungekukatikia kotekote.

Kitu kinachoipinda sindano kupita kiasi, mara nyingi sana, ni mfarishi uliokazwa mno kwenye rola. Hili nimelilipia kwa machozi. Mfarishi wangu wa kwanza kwenye fremu ulikuwa wa arusi, wa bibi arusi wa Kibokoni, leso nane zilizokatwa na kuunganishwa, pindo zikizunguka kote. Niliogopa mikunjo upande wa chini, nikazungusha rola mpaka kitambaa kikalia kama ngoma ukikipiga kwa kidole. Usiku mmoja uzi ulinikatikia zaidi ya mara 30. Kila ulipokatika nilikaza tensheni kidogo zaidi, na kila nilipokaza ulikatika haraka zaidi. Asubuhi nikamwita mzee mmoja aliyekuwa fundi wa vyerehani zamani. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, lakini hakuufungua. Aliinama, akaingiza kidole chini ya mfarishi, akasukuma juu. Kidole hakikwenda popote. Akaachia meno mawili ya rola, akasukuma tena, kitambaa kikainuka, akakishika kidole chake kwa mkono wa juu kupitia leso na pamba. "Haya, shona," akasema. Nikashona upana mzima wa fremu bila uzi kukatika.

Basi kipimo ni hicho. Sukuma kidole kutoka chini. Uweze kukishika kwa juu, kupitia tabaka zote, hadi kiungo cha kwanza. Usipoweza, legeza. Ukiona kitambaa kinabonyea kama chandarua kilicholegea, kaza jino moja. Na upime upya kila unapouzungusha mfarishi mbele, kwa sababu watu hupima mara moja mwanzoni, wakasahau. Mfarishi unavyojiviringisha, rola inanenepa na kimo cha kitambaa juu ya mashine kinabadilika. Mimi naacha nafasi ya kama wanda mmoja kati ya kitambaa na kitanda cha mashine. Kikikaa juu mno, hurukaruka pamoja na sindano na kitanzi hakifanyiki vizuri. Kikilala na kukwama, mashine inakuwa nzito na utaisukuma kwa nguvu, sindano ipinde tena.

Baada ya hapo, sindano yenyewe. Mashine nyingi za mkono mrefu hutumia sindano ya shina la duara, si ile ya nyumbani yenye ubavu bapa. Ile bapa haiingii vibaya hata ukitaka. Hii ya duara inaweza kuingia ikiwa imegeuka kidogo, usijue. Mfereji mrefu unapaswa kukutazama wewe, na kile kibonyeo kifupi juu ya tundu kiitazame huki. Chomeka pini nyembamba ya nguo ndani ya tundu la sindano na uiangalie inaelekea wapi: ikikuelekea moja kwa moja, sindano imekaa sawa. Kwako ambako upande mmoja tu ndio unaokatika, ukishalegeza kitambaa na tatizo likabaki, igeuze sindano kidogo sana, kama upana wa unywele, ujaribu kushona kushoto. Ikizidi ubaya, igeuze kinyume. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha.

Namba ya sindano nayo ina maana. Kwa leso mbili na pamba katikati mimi natumia 16/100, na vitenge vizito vya nta au mshono mwingi unaopishana, 18/110. Nyembamba zaidi hupinda upesi. Kujua kama sindano inaufaa uzi wako, ivue kwenye mashine, pitisha kipande cha uzi cha urefu wa mkono, ukivute kisimame kama mlingoti ulioinama, uone kama sindano inateleza yenyewe hadi chini. Ikikwama njiani, tundu ni dogo kwa uzi huo. Na ibadilishe mara kwa mara. Nikishona siku nzima, kesho yake naanza na mpya, hata kama ya jana inaonekana nzima.

Sasa ile ncha. Uzi ukikatika, usikimbilie kuutunga tena. Ushike ule ulio upande wa sindano, uutazame kwenye mwanga. Ukiwa umechanika na kutoa manyoya kama ufagio, umesuguliwa: tundu dogo, sindano iliyochoka au iliyokaa upande, au huki inauchoma. Ukiwa umekatwa safi kama kwa mkasi, kuna chuma chenye makali mahali fulani. Ukiwa umejikunjakunja kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa, umevutwa hadi ukashindwa, na hapo ndipo tensheni inapoingia katika maneno. Ncha hizo tatu ziweke kichwani, zitakupunguzia nusu ya kazi.

Makali ya chuma, kwetu pwani, yana mama yake: kutu. Wenzetu wa bara hawalijui hili kama sisi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mashine ikikaa wiki mbili bila kazi wakati wa masika, utakuta vidoa vya rangi ya kahawia kwenye huki, kwenye tundu la bamba la sindano, hata kwenye visahani vya tensheni. Kidoa usichokiona kwa macho kinatosha kukata uzi. Mimi natumia kipande cha soksi nyembamba ya kike: nakipitisha taratibu kwenye ncha ya huki, kwenye tundu la bamba, kwenye kila kikulabu uzi unapopita. Kikinasa, hapo ndipo. Napasugua kwa msasa laini kabisa, ule wa kung'arisha chuma, kidogo kidogo, kisha nafuta na kutia mafuta. Mashine ya mtumba kama yako, ambayo huenda sindano yake imeshawahi kugonga bamba na kuvunjika, ina vichubuko karibu kila mara. Anza na tundu la bamba. Sindano za akiba nazifungia kwenye mkebe pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Mafuta yawe ya cherehani, yale meupe mepesi. Tone moja kwenye huki kila unapobadilisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Nimewahi kuona mashine iliyotiwa mafuta ya nazi, ikanasa vumbi la pamba mpaka ikawa kama imepakwa gundi. Usifanye hivyo hata ukiishiwa usiku.

Leso zako je, ulizifua? Leso inayotoka dukani Barabara ya Biashara ina dondo, ule wanga wa kiwandani unaoifanya isimame. Sindano inapata kazi kuipenya, na unga wake unajaa kwenye kesi ya bobini. Mimi nazifua mara mbili kwa maji ya vuguvugu, nazianika kivulini, ndipo nakata. Najua wateja wengine wanataka upya wa leso uonekane na jina lisomeke vizuri. Jina halitoki kwa kufua, na leso ikilainika mfarishi unalala vizuri zaidi mwilini. Kama zako umeshaziunganisha bila kufua, tumia sindano kubwa zaidi, upunguze mwendo.

Jambo dogo lililonisumbua mwezi mzima: feni. Kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, hakuna anayeshona bila feni. Yangu ilikuwa nyuma ya mashine, ikipuliza uzi kati ya koni ulikozungushiwa na kikulabu cha juu. Uzi ulikuwa ukilegea, unazunguka kigingi cha koni, kisha unabanwa ghafla na kukatika. Niligeuza feni, ukaacha. Papo hapo angalia kama kikulabu cha juu kiko wima juu ya katikati ya koni, na pitisha kidole ukingoni mwa kitako cha koni uone kama pana mpasuko unaonasa uzi. Koni kutoka mtumbani mara nyingi zimepasuka. Na uzi wenyewe uujaribu kwa mikono: uvute kipande kwa ghafla. Ukikatika kwa urahisi mahali tofauti tofauti, umezeeka kwenye rafu, hakuna marekebisho yatakayouponya. Duka moja liliniuzia koni sita za namna hiyo kwa bei nzuri. Nimezifanya nyuzi za kupiga bandi.

Tensheni uiguse mwisho, na uanze chini. Toa kesi ya bobini, isafishe chini ya kile kibati cha chemchemi kwa ncha ya karatasi, kisha ining'inize kwa uzi wake. Isishuke yenyewe, ukiutikisa mkono iteremke kidogo na kusimama. Ikishakuwa hivyo, iache kabisa, urekebishe ya juu tu. Kwa kuwa umeshaikaza na kuilegeza mara nyingi, ilegeze sana kwanza mpaka uzi wa juu uonekane chini ya mfarishi kama vitanzi, halafu kaza robo mzunguko kwa wakati mmoja hadi vitanzi vipotee. Ukianza kutoka kulegea unajua ulipo.

Kama umefanya yote hayo na kushoto bado kunakatika, ndipo useme majira ya huki yamehama. Huki inapaswa kufika kwenye kibonyeo cha sindano baada ya sindano kupanda kama milimita 2 hadi 2.5 kutoka chini kabisa, ikiwa karibu mno na sindano bila kuigusa. Hii si kazi ya kujifunzia kwenye mashine ya pekee uliyo nayo. Mwite fundi anayezijua mashine za viwandani, na ukae kando yake uone anachokifanya.

Kesho kabla hujauendea mfarishi wenyewe, funga leso kuukuu na kipande cha pamba kwenye rola, ilegeze kwa kipimo cha kidole, tia sindano mpya uliyoikagua kwa pini, halafu shona miduara mikubwa polepole, kwa sababu mduara unapita pande zote. Uzi ukikatika, uache ulivyo, weka alama kwa chaki mahali penyewe na mshale wa ulikokuwa ukielekea. Fanya hivyo mara tano. Kisha uniandikie mishale ilielekea wapi na ncha zilikuwaje, ikiwezekana na picha yake kwenye kitambaa cheusi, nitakujibu jioni nikishafunga kazi.