Mwanangu na Wenzake wa Mkunguni

*Shangazi, mwanangu ana miaka 15. Tangu aache kwenda uwanjani, jioni zote huketi Mkunguni, pale mbele ya ngome ya mji, na vijana nisiowajua, na nasikia mmoja wao hutafuna muguka, yale majani ya kulevya jamii ya miraa. Nimemkataza kutoka na simu nimemnyang'anya, lakini sasa ananidanganya. Je, nimpeleke Mombasa kwa mjomba wake? – Mama, Langoni, Lamu*

Dada yangu, la Mombasa liache kwanza. Kijana anayehamishiwa mji asioujua hufika akiwa mgeni, na mgeni huandamana na yeyote wa kwanza atakayemkaribisha. Hapa Lamu, angalau, hao unaowaogopa wana mama zao, nawe huwezi kukosa mtu anayewafahamu katika mji ambao vichochoro vyake hutulazimisha kubana ukutani punda anapopita.

Barua yako haina jina hata moja la vijana hao. Anzia hapo. Nyumba zetu nyingi za kale zina daka mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili, na wazee hawakulijenga kwa pambo tu: hapo ndipo mwenyeji alipomjua mtu kabla ya kumwingiza ndani. Mwambie mwanao awalete wenzake baada ya alasiri, watengee chai na mahamri, kisha usiwasimamie. Kaa ndani usikilize nani hunyamaza, nani huwachekesha wengine, na nani husema "twendeni" wote wakainuka. Ikiwa huyo mtafunaji si mwenye kauli miongoni mwao, hofu yako ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Akiwa ndiye, usimtukane mbele ya mwanao, kwa kuwa kijana hujiona amelazimika kumtetea rafiki anayetukanwa; badala yake, mpe mwanao ruhusa ya kukusingizia wewe, aseme, "Mama akininusa muguka nimekwisha." Kwa umri wake, kukataa kwa jina la mama ni kwepesi kuliko kukataa kwa jina lake. (Ukigundua ni dawa kali zaidi, hilo si la chai na mahamri: piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.)

Vijana hushikamana vizuri zaidi wanapokuwa na kazi mikononi. Waangalie Mfungo Sita unapokaribia, namna wanavyojifunza matari kwa ajili ya Maulidi, wanavyowafanyisha punda mazoezi ya mashindano, na namna mzembe anavyokemewa na wenzake kabla mzazi hajajua. Mtafutie mwanao nafasi kama hiyo, ikiwezekana pamoja na wawili kati ya hao hao wa Mkunguni.

Limebaki neno uliloliandika kwa kupita, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi: ameacha kwenda uwanjani. Mtoto haachi mpira bure. Pengine alichekwa, pengine aliachwa nje ya timu, pengine viatu vimechanika naye anaona haya kukuambia. Muulize usiku mkiwa wawili, na simu uwe umeshamrudishia.