Unaacha pombe na bado unapiga gita? Chunga saa nane usiku

Nikiandika kitu kuhusu kuacha pombe lazima mwanamuziki mmoja anitumie meseji, boss, kwani itabidi niache muziki pia? Wengi ni vijana wa bendi za hapa Nakuru, wengine Eldoret, wengine Kisumu, na swali ni lile lile. Wacha nijibu mara moja. Muziki si lazima uache. Lakini venye ulikuwa unafanya hiyo kazi itabidi ibadilike, na mahali pa kubadilisha si pale jukwaani venye watu hudhani.

Kupiga rock Nakuru ni kujitolea tu. Klabu inataka mugithi, inataka rhumba na reggae, halafu nyinyi mnaingia na gita imewekwa distoshoni mpaka mama wa jikoni anatoka kuangalia kama kuna kitu imeungua. Mwenye baa akihesabu watu anakwambia leo ni wachache, chukueni nusu pesa na nusu chupa. Hiyo nusu chupa ndio ilinifunza kunywa kila siku, juu hakuna mtu hubeba chupa nyumbani, zinaisha hapo hapo. Baadaye ikaja bangi ya kutuliza kichwa, muguka ya kukaa macho, tembe za kulala, yote kwa usiku mmoja, na asubuhi natoa loki na kitu kali ndio mikono iache kutetemeka nishike nyuzi.

Hapo kwa kutetemeka tusimame kidogo. Kama umefika kiwango cha kunywa asubuhi ndio mwili utulie, usijifungie kwa nyumba ati unaacha leo leo kwa nguvu ya roho. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, halafu kama siku ya pili ya tatu kuna watu huchanganyikiwa kabisa, wanaona vitu ukutani, joto linapanda, moyo unaenda mbio, na hiyo inaua. Bangi ukiacha utakosa usingizi na utakuwa na hasira ya bure lakini pombe ndio ya kuogopa, na hizo tembe za usingizi pia, usikate kwa siku moja. Nenda hospitali umwambie daktari ukweli, unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na usipunguze juu ya aibu. Watakupa dawa ya kutuliza kwa siku kadhaa wakipunguza polepole, na vitamini B1 juu walevi wengi hatuli chakula. Mimi sikatai maombi, mamangu aliniombea mpaka magoti yakauma, lakini hata yeye ndiye alisema tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Na nyinyi familia, zile karatasi zimebandikwa kwa nguzo za stima, dawa ya kuacha ulevi, mtie kwa chai bila yeye kujua, tafadhali achaneni nazo. Hujui ndani kuna nini. Kuna tembe halali inaitwa disulfiramu ambayo ukinywa pombe juu yake uso unawaka, unatapika, moyo unapiga vibaya, na daktari humpa mtu anayejua na amekubali. Ukimtilia mtu kisiri kwa uji na yeye aende zake baa, unaweza kumuua na ulikuwa unamsaidia.

Rehabu ni nzuri ukipata ya maana. Nyingi hapa Kenya ni miezi mitatu. Piga 1192, ni ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na ni ya bure, uulize kama mahali unapopelekwa pana leseni, halafu ukifika uliza kama kuna nesi usiku. Wakianza kuzungusha maneno, toka. Kwangu rehabu ilinipa usingizi, chakula na watu wa kuongea nao bila kudanganya, gita waliniambia niache nyumbani, nikakasirika sana lakini sasa naona walikuwa sawa.

Shida ni siku ya kutoka. Watu hudhani ukitoka umepona, na hata wakubwa wa hii kazi haikuwa hivyo. Eric Clapton aliingia rehabu 1982, akarudia kunywa, akaingia tena 1987 ndio akaacha, na 1998 akafungua kituo cha matibabu kule Antigua. James Hetfield wa Metallica aliingia 2001 bendi ikiwa katikati ya kurekodi, akakaa miaka mingi soba, yaani bila kugusa pombe, na 2019 akarudi tena, ikabidi waahirishe ziara ya Australia na New Zealand. Hao ni watu wana pesa na madaktari na dereva wa kuwapeleka nyumbani.

Nasema dereva kwa sababu. Kwa mikutano ya AA, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha, nilikutana na mzee mmoja fundi wa kushona nguo, muziki wa rock haujui hata kidogo, nikamwambia naogopa kurudi jukwaani. Akaniuliza,

"Kijana, shoo yenu inaisha saa ngapi?"

"Saa nane usiku, mzee."

"Na matatu ya kwanza ya Njoro?"

"Saa kumi na moja."

"Hayo masaa matatu unakuwa wapi?"

Nikanyamaza, juu jibu ni kwamba nilikuwa baa. Ukiwa unapiga, mikono iko na kazi. Ukishuka masikio bado yanalia, damu iko juu, hujalipwa, hakuna gari, baridi ya Nakuru unaijua, na joto liko ndani na kila mtu anataka kukununulia moja.

Kwa hivyo nilipanga hayo masaa kabla ya kupanga nyimbo. Tunalipwa kwa M-Pesa kabla ya kupanda, si chupa, si nusu. Pesa ya boda, mtu ninayemjua, inatolewa kwa malipo ya bendi na anakuja dakika wimbo wa mwisho unaisha, nyaya zangu atakunja mwingine na mimi ndio naziunganisha wakati wa kuja. Nabeba chakula, njaa na hamu ya pombe zinafanana sana usiku. Soda naifungua mwenyewe. Shabiki akisisitiza ati moja tu, usianze kumhubiria, mwambie natumia dawa. Mkenya ataheshimu dawa hata kama haheshimu msimamo wako.

Miezi ya kwanza sikupiga usiku kabisa, nilipiga harusi za mchana na kufunza watoto gita Jumamosi. Pesa ni kidogo, ndiyo. Nilipopanda tena nikiwa soba niliogopa mpaka plektra, kile kidude cha kupigia nyuzi, ikaanguka, unasikia kila nyuzi imelegea, kila mahali bendi inaharakisha, vitu ambavyo zamani ulikuwa huvisikii. Inachosha lakini inazoeleka.

Ukiteleza mpigie mtu usiku huo huo, usingoje asubuhi, juu asubuhi ndio utatoa loki na hapo imeanza upya.

Na wenzako wa bendi waambie haya masharti wazi mkiwa mazoezini, si siku ya shoo. Bendi yangu ya kwanza ilikataa, wakasema nimekuwa pasta. Tukaachana vizuri tu, nikapata wengine. Wapiga besi wako wengi hapa Nakuru, mwenye dramu zake ndio kazi kumpata.