Usiiache Hey Love eti kwa sababu imeandikwa "New"

Mkuu subiri, usitume hela! Umeuliza uanzie wapi na bendi ya Rotary Connection na nani walikuwa wanaimba, halafu unasema muuzaji wa santuri kakushauri uchukue albamu yao ya Songs, ile ya Hey Love uachane nayo kwa sababu kwenye kava wameandika The New Rotary Connection, eti hiyo ni bendi feki. Aisee nimesoma hapo damu ikanichemka, maana maneno hayo hayo niliambiwa na muuza santuri mmoja, nikamrudishia Hey Love yangu sijaigusisha hata sindano, nikaongeza na hela juu, nikapewa Songs. Haikupita muda nikaiona kaiweka mbele kabisa na bei kaipandisha hata haya hana. Kitu hakifai halafu unakikimbilia wewe? Watu wa hivyo wanaua muziki kabisa.

Feki ya wapi wakati Minnie Riperton, mwimbaji wao, yumo humo humo! Sikiliza wimbo wa I Am the Black Gold of the Sun kwenye Hey Love, inaanza gita tupu, polepole, piano inaingia, ngoma zinaingia, halafu kwaya inafumuka na gita la umeme linalia juu yake, mpaka unasahau ulikuwa unafanya nini. Ni ya 1971 na 1997 kundi la Nuyorican Soul wakaiimba upya na Jocelyn Brown, watu wakadhani ni mpya.

Songs ya 1969 sio mbaya lakini karibu yote ni nyimbo za watu, Respect ya Otis Redding, The Weight, za bendi ya rock ya Cream kadhaa, ukianzia hapo utasema hawa ni wakopiaji tu na utaishia hapo hapo.

Bendi ilianzishwa Chicago na Marshall Chess, mtoto wa Leonard Chess wa Chess Records, lebo ya wanabluzi kina Muddy Waters, alitaka kitu cha vijana, albamu ya kwanza wakarekodi 1967. Ila ubongo wake ni Charles Stepney, yeye ndiye aliyepanga vyombo, vinanda, kwaya, kila kitu, na baadaye akaenda kufanya kazi na bendi ya Earth, Wind & Fire mpaka alipofariki 1976. Waimbaji waliingia wakatoka, yeye akabaki. Kwa hiyo jina la bendi kwenye kava lisikubabaishe, geuza nyuma soma nani katunga. Ukiona Stepney na Richard Rudolph, mume wa Minnie, wametunga nyimbo nyingi, toa hela. Ukiona Stepney kapanga tu nyimbo za wengine, hiyo iache kwanza. Hata albamu ya kwanza ina nyimbo za wengine, Ruby Tuesday na Soul Man, ila ina Memory Band pia, ile kundi la hip hop la A Tribe Called Quest walichota kipande chake 1990 kwenye wimbo wao Bonita Applebum.

Sasa mwambie huyo muuzaji akutolee Hey Love, na akianza habari za feki muulize mbona hagawi bure.